Tamko la rais wa Marekani si sheria, lakini lisipuuzwe

Mhariri,

Kila mara rais wa Marekani anapotia saini mswada na papo hapo kutoa tamko kuwa kifungu fulani hatakifuata kama kilivyoandikwa, utasoma magazetini kuwa ameibadilisha sheria. Hajaibadilisha. Katiba ya nchi hiyo inamruhusu kutia saini, kuurudisha mswada Congress pamoja na pingamizi zake, au kuukalia mpaka siku 10 zipite, Jumapili zikiachwa. Kusaini huku akikataa sehemu hakumo. Mwaka 1996 Congress yenyewe ilimpa rais ruhusa ya kufuta baadhi ya mafungu ya fedha baada ya kusaini. 1998 Mahakama ya Juu ikaitupilia mbali ruhusa hiyo. Ikiwa kwa idhini ya wabunge hakuweza, kwa karatasi aliyojiandikia mwenyewe ataweza vipi?

Watetezi wa matamko hayo watakutajia kesi ya pasipoti. Septemba 2002 George W. Bush alisaini sheria iliyosema kuwa raia wa Marekani aliyezaliwa Jerusalem aandikiwe Israel kuwa mahali alipozaliwa, akiomba yeye au mzazi wake. Wakati huo serikali ya Marekani haikuitambua Jerusalem kuwa ya nchi yoyote, na Bush akatamka kuwa hilo linaingilia mamlaka yake ya mambo ya nje. Mwezi uliofuata mtoto mmoja akazaliwa Jerusalem, wazazi wake wakaomba, maafisa wakakataa. Kesi ilizunguka mahakamani hadi 2015, mtoto akiwa na miaka 12, na rais akashinda. Lakini majaji waliegemea mamlaka ya rais ya kutambua mataifa ya kigeni, mamlaka ambayo angekuwa nayo hata kama 2002 angenyamaza kimya.

Hata hivyo tusikimbilie kusema tamko ni maneno matupu. Afisa wa pasipoti hangoji Mahakama ya Juu. Anafuata mwongozo wa wizara, na wizara inamsikiliza rais. Kwa miaka hiyo yote kilichotekelezwa dirishani ni msimamo wa rais, si kifungu cha Congress.

Na huyo mtoto alikuwa na wazazi na mawakili. Tarehe 30 Desemba 2005 Bush alisaini sheria iliyobeba marufuku ya seneta John McCain dhidi ya kuwatendea mahabusu ukatili, kisha akasema ataitafsiri kulingana na mamlaka yake kama amiri jeshi mkuu. Mahabusu aliyefungiwa mahali pasipojulikana amshtaki nani, na kwa wakili yupi? Mwaka uliofuata, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Hamdan, mahabusu wa Guantanamo, iliyogusa sehemu nyingine ya sheria hiyohiyo, majaji walio wengi hawakulitegemea tamko hilo. Jaji Scalia, aliyekuwa upande ulioshindwa, ndiye aliyelalamika kuwa limeachwa.

Kenya tuna utaratibu ulio wazi zaidi. Kifungu cha 115 cha Katiba kinamtaka rais mwenye pingamizi aurudishe mswada bungeni na kuzieleza, kama ilivyokuwa kwa Mswada wa Fedha Juni 2024, na wabunge wanaweza kumshinda kwa thuluthi mbili. Pingamizi la Marekani linalotolewa kwa tamko haliendi kupigiwa kura na yeyote.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi wenu ni hili: tamko likitoka, msiishie kuripoti alichosema rais, fuatilieni kilichofanyika ofisini. Mwaka 2007 wakaguzi wa Congress walichunguza vifungu 19 ambavyo Bush alikuwa amevipinga kwa njia hii. Kumi vilitekelezwa kama vilivyoandikwa, sita havikutekelezwa hivyo, na vitatu wakati wake wa kutumika ulikuwa haujafika. Kuhusu vile sita, wakaguzi walikiri kuwa hawawezi kuthibitisha kama tamko ndilo lililosababisha.

Msomaji wenu,
Mombasa