Kwa makocha vijana wa voliboli hapa Arua: watoto waguse mpira

Vijana wangu mnaofundisha watoto hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, na wenzenu wa miji jirani ya Koboko na Nebbi,

Salaam. Jioni nyingi mwezi huu nimekaa chini ya mwembe pembeni mwa uwanja nikiwatazama. Mnakuja bila malipo, mnakuja hata vumbi likiwakausha midomo, nami nawaheshimu kwa hilo. Lakini kuna jambo linaniumiza, na nikinyamaza nitakuwa nimewakosea watoto.

Ni ile foleni. Watoto ishirini wamejipanga mmoja nyuma ya mwenzake, kocha yuko karibu na wavu na mpira mmoja. Anamrushia wa mbele, mtoto anaupiga, anarudi nyuma kabisa. Juzi nilimchagua msichana mmoja, nikawa nahamisha kokoto moja mfukoni kila alipogusa mpira. Saa nzima ilipopita nilikuwa na kokoto tisa. Muda uliobaki alikuwa amesimama, akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo miaka mingi, na watoto walipoacha kuja nikawaita wavivu. Mpaka leo najuta.

Katika mpira wa miguu mchezaji anaweza kuutuliza mpira kwanza, atazame, kisha aamue. Kwetu huruhusiwi kuushika. Unaugusa mara moja, na timu ina miguso mitatu tu kabla ya kuuvusha. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika mpira ukiwa bado njiani: macho yameshasoma bega la mpigaji, miguu imeshafika, mikono inangoja. Mtoto hajifunzi hayo kwa mpira anaorushiwa polepole na kocha. Anajifunza kwa mpira unaotoka ng'ambo ya wavu, uliopigwa na mwenzake, unaokuja ukiyumba.

Basi ugawanyeni uwanja. Una mita 18 kwa 9. Pitisheni kamba katikati kwa urefu wake, mita zote 18, iwe ndiyo wavu, kisha gawanyeni urefu huo mara nne mpate viwanja vidogo vinne, na watoto wacheze watatu kwa watatu wote kwa wakati mmoja. Kamba iwe juu kidogo tu ya vidole vya mtoto aliyenyoosha mkono. Ule wavu wa mita 2.24 wa wanawake na 2.43 wa wanaume utawangoja wakue. Najua mtaniambia mipira haitoshi. Kwa mtoto wa miaka tisa, mpira mwepesi wa plastiki wa sokoni unafaa sana, maana haumuumizi mikono akaanza kuuogopa.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linahitaji watu watatu. Mmoja anaanzisha mpira kutoka ng'ambo, wa pili anapokea, wa tatu amesimama karibu na kamba anaudaka. Kila mmoja anaufuata mpira wake: aliyeanzisha anakwenda kupokea, aliyepokea anakwenda kudaka, aliyedaka anapita chini ya kamba kwenda kuanzisha. Hesabuni mipokeo iliyomfikia mdakaji bila yeye kusogea zaidi ya hatua moja. Ikifika kumi, aliyekuwa akidaka sasa aunyanyue kwa vidole badala ya kuushika, na mchezo umeshazaliwa hapo.

Mkimwona mtoto anapunga mikono kama anayefukuza ndege shambani, mwambieni neno moja tu: miguu. Viwiko vinyooke, magoti yapinde, mwili uinuke na mpira. Kosa moja kwa siku moja linatosha kusahihishwa. Na wafundisheni kuita "Wangu!" kabla mpira haujavuka kamba. Hapa tuna Walugbara, Wakakwa, Waalur na Wanubi katika timu moja, na neno hilo la Kiswahili wote wanalisikia.

Kupiga kwa nguvu wapeni dakika kumi za mwisho, maana ndiko roho zao ziliko. Wakiruka kupiga, watue kwa miguu yote miwili. Adhabu ya kuruka kichura iacheni kabisa: ardhi yetu ni ngumu, na magoti ya mtoto anayekua hayastahili kulipia mpira uliomponyoka.

Tena msimfunge mtoto mrefu wa miaka kumi na moja pale kwenye wavu. Sheria yenyewe inawazungusha wachezaji kutoka nafasi moja hadi nyingine, na huyo mfupi wa leo anaweza kuwapita wote akifika kidato cha tatu. Kila mtoto apokee, kila mtoto anyanyue.

Mazoezi yaishe saa kumi na moja na nusu, ili msichana anayetoka mbali afike kwao kabla ya giza. Kesho nitakuja mapema na kamba yangu. Atakayefika kwanza anisaidie kuifunga.

Mzee wenu wa chini ya mwembe