Kuanzia kwa wazee si kupoteza ujuzi

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaowatisha wahitimu wa uuguzi hapa Malindi kwamba ukianzia kazi kwenye makao ya wazee, ujuzi wako utaoza. Hata mimi niliambiwa hivyo nilipopata leseni. Wenzangu walikuwa wakingoja nafasi za kaunti. Nilipoingia kwa wazee, mama mdogo aliniuliza kama nilisomea kuosha watu.

Naam, niliosha. Mzee asiyeweza kujigeuza ukimwosha kila siku, unavijua visigino vyake, nyonga zake na ule mfupa wa juu ya makalio kuliko anavyovijua mwenyewe. Chuoni tulifundishwa kutazama wekundu kama dalili ya kidonda cha kulalia sana. Kwenye ngozi yetu nyeusi ukingoja wekundu utakuta kidonda. Papasa kwa mkono: panapoanza kuharibika huwa na joto au pagumu kuliko pembeni. Hilo nilionyeshwa na mhudumu mmoja asiye na cheti chochote.

Kulikuwa na hawe mmoja, yaani bibi, Mgiriama, aliyewajua wajukuu wake wote kwa majina. Asubuhi moja wakati wa kaskazi akaniita kwa jina la dada yake marehemu, akakataa uji. Homa hana. Mmoja wetu akasema ni uzee tu, mwingine akasema hawe ana lake. Tulipopima mkojo, tukakuta maambukizi, na maji yalikuwa yamempungukia, maana mzee hahisi kiu kama sisi. Akapewa dawa, akanyweshwa kidogo kidogo, na siku chache baadaye akaniita kwa jina langu. Wodini ningemkuta siku hiyo kwa mara ya kwanza, nikadhani ndivyo alivyo.

Na hapa kaunti ya Kilifi "ana lake" si neno la kupuuza. Wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine wakakimbilia Kaya Godoma kule Ganze kuokoa maisha yao. Muuguzi anayeweza kuieleza familia kwamba bibi amechanganyikiwa kwa sababu ya ugonjwa wa mkojo, na ugonjwa huo una dawa, anaweza kuokoa roho.

Lakini sitawaficha vijana. Wiki yangu ya pili niliachwa peke yangu usiku, na wahudumu wawili, wazee zaidi ya ishirini, bila daktari wa kuuliza. Babu mmoja alianguka akienda msalani na nikakaa robo saa nzima sijui nimwamshe dereva au la. Wenye makao wasifanye hivyo. Mgeni apangwe na mkongwe miezi ya mwanzo, usiku na mchana.

Kwa kaunti nina ombi moja. Nilipoitwa kwenye mahojiano ya kazi niliambiwa miaka yangu kwa wazee haihesabiki kama uzoefu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na serikali. Basi anayeyatoa matunzo hayo ahesabiwe kazi yake.

Wiki ijayo tunapokea msichana aliyemaliza chuo juzi. Nimeshaomba tupangwe zamu moja.

Muuguzi,
Barani, Malindi