Gazette si gazeti lolote

Mhariri,

Habari nyingi zinazotafsiriwa kutoka Kiingereza husema sheria fulani "imetangazwa gazetini". Msomaji ataelewa gazeti lolote, hata hili lako. Kumbe linalokusudiwa ni Gazeti la Serikali (kwa Kiingereza gazette), yaani chapisho rasmi la sheria na matangazo ya serikali, na kosa hilo lina uzito. Nchini Kenya, kwa Kifungu cha 116 cha Katiba ya 2010, sheria huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa humo, isipokuwa yenyewe itaje siku nyingine. Tangazo la kulipia katika gazeti la kawaida halianzishi hesabu hiyo.

Neno gazette lilizaliwa Venice katika karne ya 16. Gazeta ilikuwa sarafu ndogo ya soldi mbili (soldi ni fedha ya huko ya zamani), na jina lake likahamia kwenye karatasi za habari. Wapo wanaolihusisha na gazza, ndege mwenye kelele nyingi, ila hoja ya sarafu ndiyo inayokubaliwa zaidi. Mwaka 1631 daktari Mfaransa Théophraste Renaudot alianzisha La Gazette mjini Paris. Waingereza wakalipatia neno sura ya kiserikali: Mfalme Charles II alipokimbilia Oxford kuepa tauni, Novemba 1665 ilitoka Oxford Gazette, ambayo mwaka uliofuata ikawa London Gazette. Humo zilitangazwa teuzi za maofisa na majina ya waliofilisika.

Kwingineko neno lilishika njia yake. Kwa Warusi na Wapoland, gazeta ni gazeti lolote. Waitalia husoma giornale. Gazzetta imebaki zaidi kwenye majina, na Gazzetta dello Sport ya karatasi ya waridi haina uhusiano wowote na Gazzetta Ufficiale ya sheria. Mtego mbaya uko Ureno: fazer gazeta ni kutoroka shule. Anayetafsiri neno kwa neno ataandika "kutengeneza gazeti".

Kwa hiyo, palipo na gazette ya serikali, iandikwe "Gazeti la Serikali" kwa herufi kubwa, pamoja na tarehe na namba ya tangazo. Kwa Tanzania namba hiyo huandikwa "Tangazo la Serikali Na." Neno gazette likitumika kama kitenzi, tuachane kabisa na gazeti: msitu ambao Kiingereza husema ni gazetted ni msitu uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi, na ukiwa degazetted umeondolewa hadhi hiyo.

Mfasiri,
Dar es Salaam