Nekesa, Usiitume Hiyo Meseji

Mwanangu Nekesa,

Mama yako amenisomea uliyomwandikia: msimamizi wako pale hotelini alikufokea mbele ya wageni kwa sababu chumba kimoja kilipewa watu wawili, nawe ukanyamaza, ukatabasamu, ukamaliza zamu. Kisha ukafika Kondele, huko Kisumu, usiku ukaandika jibu refu la kutuma kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Lifute. Wala si kwamba una makosa. Kwa maelezo yako, huna.

Umesema mkufunzi wa ile semina ya hotelini aliwaambia muache hisia zenu mlangoni. Mimi sikubaliani naye. Peter Salovey na John Mayer, wasomi wa Marekani walioandika juu ya akili ya hisia mwaka 1990, walitaka mtu atambue anachohisi yeye na wanachohisi wenzake, kisha hayo yamwongoze katika kufikiri na kutenda. Sasa hasira ukiiacha mlangoni utaitambua saa ngapi? Itakungoja stejini jioni, mpande matatu pamoja.

Unajua nilifanya kazi kwenye mizani ya kiwanda cha sukari. Miwa ikishakatwa inakauka, uzito unashuka na utamu unapotea, na mkulima alikuwa analipwa kwa tani. Trekta zimepanga foleni tangu alfajiri, jua la saa nane liko utosini, dereva anashuka na kuja dirishani kwangu akitukana. Karani mmoja wa zamu yetu alikuwa na jibu lake: "Tulia, kila mtu anangoja." Basi hapo ndipo kelele zilipoanza upya. Mwenzetu mwingine, mama wa makamo, alikuwa anafungua dirisha lote, anaweka kalamu chini, anauliza, "Mzigo ulikatwa lini?" Dereva akisema juzi, anamwambia, "Basi najua unapoteza. Mbele yako kuna tisa. Mambo yakienda hivi utapima kabla ya saa kumi." Hakuahidi asichokiweza. Dereva alirudi kwenye trekta yake amenuna, lakini alirudi. Yule mama aliyaacha matusi yapite, akashughulika na hasara iliyokuwa inamtia mtu hofu. Na ile kalamu kuwekwa chini ilifanya kazi kuliko maneno.

Msimamizi wako huenda naye aliogopa. Wageni wawili, chumba kimoja, na mwenye hoteli atamwuliza yeye. Hilo halimpi ruhusa ya kukudhalilisha. Linakuonyesha tu pa kuanzia mazungumzo.

Nilipokuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi niliketi kwenye vikao vingi vya nidhamu. Wengi walioletwa pale hawakuwa wagomvi hata kidogo. Walikuwa watu wa "sawa, bosi" mwaka mzima, mpaka siku moja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 44, inataja kumtukana mwajiri, au aliyewekwa juu yako, miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kukufukuzisha kazi papo hapo. Kikao hakiulizi ulimeza mangapi kabla ya hapo. Ni kweli kifungu cha 41 kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, na kusikilizwa ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe. Nimeipigania haki hiyo mara nyingi. Lakini ukiifikia, ujue barua ya kutakiwa ujieleze iko mkononi tayari.

Huku kwetu mtoto hufunzwa kunyamaza mkubwa akisema, na nyumbani hiyo ni adabu. Kazini, ukinyamaza kila mara, aliyekuumiza anadhani umekubali.

Kwa hiyo kesho, kabla zamu haijaanza, mwombe dakika tano, mbali na meza ya mapokezi. Anza na chumba: nani alipokea oda yake kwa simu, kompyuta ilionyesha nini. Kisha mwambie, "Jana uliponisema mbele ya wageni niliona aibu, na yule mgeni wa pili hakunisikiliza tena. Nikikosea, naomba uniite pembeni." Sema kwa Kiswahili chako, achana na Kiingereza cha semina. Usiseme "sisi sote tunaona hivyo". Wenzako hawakukutuma, na wakiulizwa watakukana. Ukimaliza, nyamaza umsikilize. Pengine ana neno la kweli kuhusu kazi yako, na likiwa la kweli lichukue hata kama limetoka kwenye mdomo uliokufokea.

Akikataa kukusikiliza, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, bila kuongeza chumvi, kisha umwone meneja.

Mama yako anauliza kama ule unga tuliotuma na matatu ulifika. Nipigie ukishazungumza na msimamizi wako, hata kama hayakwenda vizuri.

Baba yako