Asistanti aandikwe kwenye mkataba, si kwenye asante tu

Ndugu Mhariri,

Naona gazeti lenu linaandika sana juu ya wanafunzi wa iniva, yaani vyuo vikuu, mara minervali, ile karo yao, imepanda, mara mgomo, mara oditoriamu imejaa mpaka watu wanafuata masomo wakiwa wamesimama dirishani. Ni vizuri. Lakini kuko watu ndani ya iniva hizo hizo ambao hakuna mtu anawaongelea, ndio maasistanti na mashefu wa travo, walimu wasaidizi ambao hawajafika profesa, na mimi ni mmoja wao hapa Bukavu. Jina langu munalo ila tafadhali musilichapishe, juri ya tezi yangu, wale watakaopima kazi yangu ya doktora, haijakaa bado na wenye kujua iniva zetu wataelewa.

Kwa wasiojua, unaanza asistanti wa mandati (muhula wa kazi) ya kwanza, kisha ya pili, ukiwa na maandishi yaliyochapishwa unapanda shefu wa travo, kisha unatafuta doktora ndipo uitwe profesa asosye, na kuendelea mpaka profesa ordinere kama Mungu amekupa miaka. Kila mlango unakuta swali moja tu: umechapisha nini? Hakuna anayekuuliza umekosoa kopi ngapi za egzamen wala umesimamia TP (kazi za vitendo za wanafunzi) ngapi wala prof alikutuma mara ngapi umfundishie kozi yake wakati yeye yuko Kinshasa. Sasa huo wakati wa kuchapisha unatoka wapi? Asubuhi uko na wanafunzi, mchana unakimbia iniva ya pili juu mshahara wa ile ya kwanza haufiki mwisho wa mwezi, na kama wewe ni nuveli inite, yaani mtumishi mpya, basi hata huo mshahara ni hadithi, unatumika miaka na miaka jina lako halijaingia kwenye listi ya kulipwa na Serikali, magaribi unafika nyumbani umeme hakuna. Na tangu banki zifungwe hapa mjini mwezi wa pili 2025, hata yule anayelipwa anajua shida ya kuzipata hizo franga mkononi.

Kwa hiyo kinachotubakia ni maproje ya utafiti ya wageni, na ndiyo yamenifanya nichukue kalamu.

Chukua mfano wa Kamituga, huku kwetu Kivu Kusini. Mwezi wa tisa 2023 ugonjwa wa mpox ulianza kushika watu kule kwenye machimbo ya dhahabu, kumbe ni aina mpya ya kirusi, ile wanaita klade Ib, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS, Shirika la Afya la Dunia, ikatangaza kwamba ni hatari ya dunia. Ghafula kila mtu anataka kujua Kamituga iko wapi. Mbele ya hapo walikuja wa mambo ya dhahabu, mbele yao wa mambo ya vita, mbele yao wa ubakaji, wa mihogo, wa mmomonyoko, Kivu Kusini haijawahi kukosa mtu wa kuja kuichunguza, hata Wabelgiji walishaanzisha IRSAC, taasisi yao ya utafiti, mwaka 1947, wakaijenga pale Lwiro. Na kila proje iko na mtu wa hapa anayetangulia na kufika kweli kwenye kijiji, mara nyingi huyo ni asistanti.

Niwaonyeshe ile kazi inafanywa namna gani, juu wengi wanafikiri ni kuuliza maswali na kujaza. Mvua ikinyesha ile barabara ya Mwenga pikipiki inazama kwenye matope, unashuka unasukuma, tableti umeifunga ndani ya sashe mbili na kuivalia mgongoni chini ya koti. Unafika, unafungua Kobo, ile programu ya kujazia majibu, swali limetungwa kwa Kiingereza, likageuzwa Kifaransa na mtu ambaye hajafika huku, linasema kitu kama "katika siku 30 zilizopita umejisikia mara ngapi kwamba huna udhibiti juu ya mambo muhimu ya maisha yako", na mbele yako amekaa mmoja wa wale mama wanaotwanga mawe ya dhahabu, anaongea Kilega, vumbi nyeupe mpaka kwenye kope, anakuangalia tu. Hapo wewe ndiye unajua kama swali limekufa. Unaligeuza, unalijaribu kwa mama mwingine, unaona kwamba anayejibu "hapana" anajibu hivyo juu bwana yake anasikiliza nyuma ya ukuta, unatafuta namna ya kumtoa pembeni, unaandika yote hayo kwenye daftari, na usiku unatuma data juu mega za usiku ni bei rahisi. Mwenye proje huko Ulaya anapokea meza safi ya namba. Yale uliyoyafanya ili namba ziwe safi hayaonekani mahali popote.

Kisha mwaka unapita, mwenzako anakutumia PDF kwenye WhatsApp, "ndugu, si hii ndiyo kazi yetu?" Unafungua, unaona majina sita ya juu, humjui hata mmoja isipokuwa yule aliyekuja kwenye formasyo (mafunzo) ya kwanza. Unashuka mpaka mwisho kabisa, herufi ndogo: wanashukuru timu ya tereni, yaani sisi tuliofika vijijini, kwa bidii yake. Imenipata mimi, na nikiuliza kwenye meza ya maasistanti kumi, hakosi mwenye hadithi kama hiyo. Unafika mbele ya komisyo ya kupandishwa cheo, unawaambia nini? Kwamba asante ile ni wewe?

Najua jibu, nimelipewa uso kwa uso: ulilipwa perdiemu (posho ya siku) yako, na kukusanya data hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Nusu yake ni kweli. Ile kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo majarida mengi ya afya yanafuata kanuni zake, inasema mwandishi ni yule aliyetoa mchango wa maana kwenye wazo, au kwenye kupata data, au kuzichambua, na pia akashiriki kuandika, akakubali nakala ya mwisho, na akawa tayari kujibu kuhusu kazi yote. Lakini wanaotupa hiyo kanuni wanasahau kusoma mstari unaofuata, pale kamati inasema kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kukubali. Yaani hawaruhusiwi kukufungia mlango wa kuandika kisha wakasema hukuandika. Watu wa tiba walishaliona hilo, sisi wa jamii, wa kilimo, wa jeoloji tunaendelea kunyamaza.

Na kitu kinachoniuma zaidi ni hiki. Uingereza mwaka 2008 waliandika makubaliano juu ya kusaidia watafiti wa vyuo vikuu waendelee katika kazi yao, wakayaandika upya 2019, na waliotia sahihi ni vyuo vikuu pamoja na wafadhili wakubwa wa utafiti. Ndani mumeandikwa kwamba mtafiti apewe angalau siku 10 kwa mwaka za kujiendeleza, kulingana na mkataba wake, na kwamba msimamizi wake akae naye waongee juu ya kesho yake, hata kama kesho hiyo iko nje ya chuo. Sisemi kwao ni mbinguni, mikataba ya muda mfupi inawatesa na wao, ndiyo maana wakaandika. Lakini angalia: pesa ikitoka kwenye mifuko ileile, ikikaa kwao mtafiti kijana anapata siku zake kwa maandishi, ikivuka Ruzizi kuja huku inageuka perdiemu na hela ya pikipiki. Hakuna siku, hakuna kujifunza, hakuna jina. Na wanaokubali ni wakubwa wetu, maana mkataba unakuwa na sahihi mbili.

Profesa Muyembe, Mkongomani mwenzetu wa mambo ya virusi, alifika Yambuku penye Ebola mwaka 1976, akagusa wagonjwa na kuchukua damu, damu ikaenda Ubelgiji, na kwa miaka mingi hadithi ya kugunduliwa kwa Ebola imesimuliwa kana kwamba ilianzia kwenye laboratwari ya Anvers kule Ubelgiji. Ilibidi azeeke kidogo ndipo dunia ikamrudishia nafasi yake. Na yule alikuwa na doktora ya Leuven, iniva ya hukohuko Ubelgiji, mkononi! Sasa asistanti wa mandati ya kwanza toka Kadutu, hapa Bukavu, atamlilia nani?

Watafiti kadhaa wa hapa Bukavu walishaanza kuandika mambo haya wazi, nawapa heshima, lakini kuandika hakujabadilisha kilicho kwenye mikataba. Ninachoomba ni karatasi moja. Iniva ikitia sahihi na mshiriki wa nje, kuwe na ukurasa wenye jina la asistanti, siku zake za kusoma na kuandika ambazo hatumwi kokote wala na proje wala na prof, atafundishwa nini na nani (kuchambua data, kuandika makala, si formasyo ya kubonyeza tableti), kopi ya data ibakie hapa, na aitwe wakati wa kuandika. Akiitwa akashindwa, basi, ni juu yake. Wakati huo huo afunguliwe namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti mmoja mmoja, ni bure, juu akina Mugisho Bahati na Bahati Mugisho wako wangapi huku, majina yetu kwenye majarida yanageuzwa mbele nyuma mpaka mtu mwenyewe hajipati.

Mapromota wetu, wasimamizi wa tezi, nao wasijifiche nyuma ya wazungu. Kuko prof ambaye jina lake linakuwa la kwanza kwenye kazi ambayo aliisoma siku ya kuituma. Hilo linajulikana, kila fakilte inamjua wa kwake. Na kwa mama maasistanti ni mbaya mara mbili, proje ikisema majuma matatu Shabunda na mtoto ananyonya, anaachwa, kisha wanasema wanawake hawachapishi.

Wengine wataniambia huu si wakati, hali ya mji tunaijua. Mimi naona ndio wakati. Tangu uwanja wa ndege wa Kavumu ufungwe wageni wengi hawaji, wanatuma maswali kwa simu, sisi tunatengeneza sampuli, tunafanya mahojiano, tunaandika ripoti ya kwanza, wanabakiza kupanga tu. Wanatuhitaji kuliko tulivyowahitaji sisi, na mtu akikuhitaji ndipo unaongea bei. Wizara ya ESU, ile ya masomo ya juu, haihitajiki kwa jambo hili, wala dekreti ya Kinshasa, Rekta na Sekretere Jenerali wa mambo ya masomo wanaweza kukataa kutia sahihi mkataba usio na huo ukurasa. Kama shida ni nani atauandika, tuko maasistanti wa kutosha wenye kujua kuandika, tutauleta Jumatatu.

Shefu wa travo, Bukavu