Malalamiko kuhusu siku za Roma mlizotuuzia baada ya safari ya meli

Dar es Salaam,
24 Oktoba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Wakala wa Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA VIINGILIO, TEKSI NA ADA YA RATIBA, ROMA, OKTOBA 12 HADI 15, 2025

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi, mume wangu na mama mkwe wangu tulinunua kwenu kifurushi chenye sehemu mbili: safari ya meli ya kitalii kutoka Barcelona kupitia Marseille, Genova na Napoli, kisha siku chache za kutembelea Roma kabla ya kurudi nyumbani. Kuhusu meli sina neno. Chakula kilikuwa kizuri, kabini ilikuwa safi, na kila bandari tulifika kwa saa iliyoandikwa. Lakini meli hamkuipanga ninyi. Mlichopanga ninyi ni Roma, mkatutoza na ada ya kupanga, shilingi 450,000.

Ratiba yenu, yenye muhuri wa ofisi, inasema hivi. Jumapili Oktoba 12: kushuka melini, saa tano asubuhi Makumbusho ya Vatican na Kikanisa cha Sistina. Jumatatu: jumba la sanaa la Galleria Borghese asubuhi, Pantheon mchana. Jumanne: Colosseum. Jumatano: saa tatu asubuhi Basilika la Mtakatifu Petro na Mlango wake Mtakatifu, ambao mahujaji huupita katika Jubilei, mwaka mtakatifu wa Wakatoliki, kisha uwanja wa ndege wa Fiumicino kwa ndege ya saa tisa alasiri.

Mtu yeyote anayeijua Roma akiisoma ratiba hiyo atadhani imeandikwa kwa utani. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili. Galleria Borghese hufungwa Jumatatu. Basilika halipokei watalii Jumatano asubuhi, kwa kuwa ndiyo siku ya katekesi, yaani mafundisho ya Papa kwa umati, katika Uwanja wa Mtakatifu Petro mbele ya Basilika. Mmechukua sehemu tatu kati ya zile nne kubwa na kila moja mkaiweka kwenye siku, au saa, ambayo haifunguliwi. Hata mtu akipanga kwa kufumba macho, angebahatisha angalau moja.

Nianze na bandari, maana ndiko tulikoanzia kulipa. Kipeperushi cha meli kinaandika "Roma", na kwenye mabano "Civitavecchia". Ninyi mlipoinakili ratiba mliyafuta mabano, mkaongeza kwamba hoteli yetu, iliyo karibu na kituo cha Termini, iko "dakika kumi na tano kwa teksi kutoka bandarini". Civitavecchia ni mji mwingine, kilomita zaidi ya 70 kutoka Roma. Ni sawa na kumshusha mgeni Bagamoyo ukamwambia Posta ni hapo tu. Teksi ilitugharimu euro 160, risiti ninayo. Baadaye ndipo tukaelezwa na mhudumu wa hoteli kwamba kuna basi la bure kutoka gatini hadi kituo cha mabasi cha Largo della Pace, na kwamba kutoka stesheni ya mjini hapo treni ya kawaida huchukua saa moja na ushee hadi Termini, kwa tiketi isiyofika euro kumi. Mama ana miaka 71 na goti moja halimtii, kwa hiyo pengine bado tungechagua gari. Lakini tungechagua tukiwa tunajua, na tungeagiza mapema kwa bei ya kupatana, si kusimama na masanduku mbele ya dereva anayeona wazi kwamba huna pa kwenda.

Kuhusu siku ya kushuka melini hamkutuambia lolote. Mizigo huwekwa nje ya mlango wa kabini usiku wa kuamkia, abiria hutolewa asubuhi mapema, na chumba cha hoteli hakipatikani mpaka saa tisa alasiri. Hapo katikati kuna nusu siku nzima. Kwenye ratiba yenu nusu siku hiyo ndiyo ilikuwa ya Vatican.

Basi saa tano tulikuwa Viale Vaticano, kwenye lango la Makumbusho, na lango lilikuwa limefungwa. Si sisi tu, walikuwepo na wageni wengine wawili watatu wakisoma kibao kama sisi. Jumapili pekee ambayo Makumbusho hufunguliwa ni ile ya mwisho wa mwezi, na Oktoba 12 haikuwa ya mwisho.

Sasa naomba msome hapa kwa makini, kwa sababu mama bado anaumia. Jumapili ile ile, upande wa pili wa ukuta huo huo, Papa Leo XIV alikuwa anaadhimisha Misa ya Jubilei ya tasaufi (maisha ya kiroho) ya Maria. Sanamu ya Bikira Maria wa Fatima ilikuwa imeletwa kutoka Ureno na kuwekwa pale uwanjani. Mama ni Mkatoliki wa tangu utoto, anasali rozari kila jioni. Kama mngemwambia "Mama, Jumapili kuna Misa ya Papa uwanjani", angeyasahau makumbusho yote ya dunia. Badala yake alikuwa anautazama ukuta. Tulipouzunguka kwa mwendo wake, tukapita ukaguzi, watu walikuwa wanatawanyika. Tukio hilo halikuwa siri. Lilikuwa kwenye kalenda ya Jubilei muda mrefu kabla hatujawalipa.

Jumatatu, Galleria Borghese. Mume wangu anafundisha sanaa sekondari. Miaka yote amewaonyesha wanafunzi picha ya Apollo na Daphne ya Bernini, vidole vya msichana vikigeuka majani, na kwa ajili ya sanamu hiyo alikubali kupunguza siku za mahali pengine. Aliishia kuona bustani. Bustani ni nzuri, simung'unyi maneno, lakini haina kiingilio, na ninyi mmetutoza cha euro 40 kwa kila mtu.

Hapo ndipo mimi, ambaye kazi yangu ni uhasibu, nilikaa kwenye benchi nikaifungua ankara yenu upya. Imeandikwa: "Viingilio Roma, tiketi zimeshanunuliwa: euro 420." Mchanganuo wake: Makumbusho ya Vatican euro 150, Borghese 120, Colosseum 120, Pantheon 30. Swali langu ni jepesi, na naomba lijibiwe kwa maandishi. Makumbusho ya Vatican hayauzi tiketi za siku ambayo hayafunguliwi. Borghese, ambako hakuna anayeingia bila nafasi iliyowekwa kwa saa maalumu, hawauzi nafasi za Jumatatu. Tiketi "zilizokwisha kununuliwa" zilinunuliwa wapi, na nani aliziuza? Vocha mlizotupa hazina namba ya nafasi wala msimbo wa kuchanganuliwa mlangoni. Zina nembo yenu tu. Kama risiti za manunuzi zipo, nitumieni nakala. Kama hazipo, basi mmepokea euro 270 kwa kitu ambacho hamkukinunua, na hilo halina tena jina la kosa la kupanga ratiba.

Bei zenyewe sizijadili sana. Tiketi ya kawaida ya Makumbusho ilikuwa euro 20 na 5 za kuweka nafasi mtandaoni. Ninyi mmetoza 50. Pantheon ilikuwa euro 5, bei iliyoanza Julai 2023, mmetoza 10. Wakala naye hula kazini kwake, naelewa. Pantheon siidai, tuliingia.

Jumanne Oktoba 14 tiketi za Colosseum zilikuwepo kweli. Tatizo ni majina. Tangu Oktoba 2023 tiketi ya Colosseum hutolewa kwa jina la mtu na mlangoni hulinganishwa na kitambulisho chake. Zetu zilikuwa na majina ya watu watatu tusiowajua, nadhani wateja wenu wengine, ambao nao labda walisimama mahali fulani wakiwa na majina yetu. Mlinzi alikuwa mpole. Alitazama pasipoti zetu, akatazama tiketi, akatikisa kichwa. Tiketi nyingine za siku hiyo zilikuwa zimekwisha.

Nikapiga ile namba yenu ya dharura ya "saa 24". Sauti iliyorekodiwa ikanieleza kwamba ofisi imefungwa kwa ajili ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mwalimu tunamkumbuka sote, na mapumziko ni haki ya wafanyakazi wenu. Lakini namba ya dharura inayokwenda mapumziko nchi nzima ikipumzika ni namba ya kazi gani? Ujumbe wa simu niliouandika dakika hiyo ulijibiwa siku mbili baadaye, tukiwa tumekwisha rudi Dar.

Jambo lililookolewa ni la Jumatano, na halikuokolewa na ninyi. Jumatatu jioni tulikwenda Santa Maria Maggiore, si mbali na hoteli, ambako nako kuna Mlango Mtakatifu na ndipo alipozikwa Papa Fransisko. Pale mama alisikia Kiswahili, akageuka: alikuwa sista kutoka Moshi anayesoma Roma. Alipotazama ratiba yetu alisema, "Mama, Jumatano asubuhi hamtaingia Basilikani, na ndege ya saa tisa haitawasubiri." Kwa hiyo Jumanne, tulipokataliwa Colosseum, tulichukua metro moja kwa moja, tukapanga foleni kubwa, na mama akapita Mlango wa Mtakatifu Petro akiwa ameshikilia mkono wa mwanawe. Kijana wenu wa mauzo alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akamwahidi kwamba Mlango angeupita "siku ya mwisho, kama baraka za safari". Mlango huo utafungwa Januari 6, 2026, na Jubilei ya kawaida huja kila baada ya miaka 25. Mama, narudia, ana miaka 71.

Wala msiniambie tungeongeza siku. Viza za Schengen tulizopewa zilihesabiwa kwa barua ya ratiba mliyoiandika ninyi. Kwa pasipoti ya Tanzania hakuna kuamka asubuhi ukajiongezea siku mbili za hoteli.

Ujumbe wenu wa Oktoba 16 unasema yaliyotokea ni "mabadiliko ya ghafla yaliyo nje ya uwezo wetu". Mgomo wa treni ungekuwa ghafla. Dhoruba baharini ingekuwa nje ya uwezo wenu. Makumbusho kufungwa Jumapili ni jambo la kila wiki. Na siku zile zile, kwa fedha zile zile, zingetosha: Jumapili Misa uwanjani, kisha Borghese alasiri, maana Jumapili iko wazi, Jumatatu Makumbusho ya Vatican, Jumanne Basilika tangu linapofunguliwa saa moja asubuhi, Colosseum mchana, Jumatano Santa Maria Maggiore kwa miguu, kisha Fiumicino. Ratiba hiyo niliiandika nyuma ya vocha yenu tukiwa kwenye foleni, kwa simu yenye chaji kidogo. Ninyi mlikuwa na miezi na shilingi 450,000.

Kuna kodi ya jiji pia, euro 6 kwa mtu kwa usiku kwa hoteli ya nyota tatu, ambayo tulilipa mapokezini ilhali mmeandika "gharama zote zimejumuishwa". Hiyo siidai. Ni kodi halali, ya manispaa ya Roma. Ninachotaka ni kwamba mteja anayefuata aambiwe kabla hajafika dirishani akiwa amebakiwa na noti mbili.

Nadai mambo haya. Mrejeshe euro 390 za viingilio vya Makumbusho ya Vatican, Borghese na Colosseum; euro 160 za teksi, kwa kuwa taarifa ya umbali ilikuwa ya uongo; na ada yote ya ratiba, shilingi 450,000. Mnipe pia jibu la maandishi kuhusu tiketi za Vatican na Borghese, pamoja na risiti za manunuzi kama zipo. Na mtafute wale watu watatu ambao majina yao yalikuwa kwenye tiketi zetu, kwa sababu nao wanastahili kuelezwa.

Nasubiri hadi Ijumaa Novemba 7, 2025. Baada ya hapo barua hii pamoja na ankara, ratiba, vocha, risiti ya teksi na picha za malango yaliyofungwa nitaipeleka Tume ya Ushindani, na nakala Wizara ya Maliasili na Utalii. Nimeambatisha nakala za vyote hivyo. Nakala halisi ninazo nyumbani. Malipo yafanywe kwenye akaunti ile ile tuliyolipia, namba yake mnayo.

Wenu,

Mteja, kwa niaba ya wasafiri watatu waliotajwa kwenye ankara