Mwanangu, Ukuta Huu Usiutie Saruji

Kiponda, Mji Mkongwe

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi wazima na presha yangu imeshuka, ila usingizi sina tangu uliponambia kuwa mifuko ya saruji umeshailipia na fundi anaanza masika yakisha. Kwenye simu una haraka, kwa hiyo naandika. Barua anakuja nayo mtoto wa jirani, anaruka Jumamosi.

Saruji usiitie, baba.

Usiku wa Jumatatu ukuta wa nyumba moja mtaa wa nyuma umeshuka na mvua. Alhamdulillahi hakuumia mtu. Asubuhi nikaenda kuutazama: nje gamba la saruji gumu, ndani mchanga mtupu, unachota kwa mkono. Nikaikumbuka tarehe 25 Disemba 2020, jumba la Beit al-Ajaib lilipoporomoka mchana na watu wawili wakafa. Sisemi lile liliangushwa na saruji. Lakini jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883 likianguka, sembuse hili letu?

Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Mvua ikinyesha unakunywa, jua likiwaka unatoa. Ukiupaka saruji umeuziba pumzi. Maji yanakaa ndani, chumvi inaula, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza kimyakimya na wewe umelala juu yake. Vyumba vyetu ni vyembamba, kama mita 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi. Sasa hiyo zege unayotaka kuimwaga darini, boriti gani itaibeba?

Watu wakipita barazani wananambia, "Mwanao kakutazama, bi mkubwa," nami moyo unanijaa. Fedha unaleta kila mwezi, hilo Mungu analiona. Lakini miaka minne hujakanyaga hapa, na nyumba unaitengeneza kwa picha za simu. Njoo uiguse kwanza.

Hapo Maskati wako wazee waliohama baada ya mapinduzi ya 1964 na Kiswahili chao bado ni cha Unguja. Kaa nao, waulize chokaa ilivyokuwa ikichomwa na kuroweshwa. Majumba yao mengi yalichukuliwa na serikali, zikaingia familia nyingi nyumba moja, kila chumba na jiko lake, na matengenezo hayakuwa na mwenyewe. Mji ulianza kuoza hapo. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa 1985, na 2000 ukaingia katika Urithi wa Dunia. Kibali chao umeomba? Hukunambia.

Na baraza usiivunje ukatoa duka la vinyago. Mlango wetu una tao juu, mkono wa Kihindi huo. Wa mkabala kizingiti cha juu kimenyooka, wa Kiarabu. Na waliokaa kwenye baraza hizi mbili ni Mhadhrami, Mngazija, Mgoa na Bohora, wakipokezana kahawa. Mtu akikuuliza sisi kabila gani, mwoneshe uchochoro huu. Na umwambie pia kuwa majumba haya yalitoka kwenye karafuu na pembe za ndovu, na kwenye migongo ya watumwa. Soko lao la Mkunazini limefungwa 1873 tu. Mimi siwezi kuyatazama mawe haya kama mapambo ya wageni.

Usiniulize ukuta wa jikoni nani aliupaka saruji. Ulikuwa mwaka wa ada yako ya mwisho, baba yako yuko kitandani, na fundi akasema kwa saruji atamaliza siku mbili. Ulipendeza. Sasa umefura tumbo, na boriti ya juu yake nimeitilia gogo kuishikilia. Sahani nimehamishia ukumbini. Sikukwambia kwa sababu ungesema nihamie Mbweni kwenye nyumba mpya, na mimi Mbweni sihami.

Kwa hiyo mifuko hiyo iuze, au mpe shangazi yako, anajenga banda Fuoni, huko saruji ndiyo mahali pake. Sikukatazi kutengeneza. Nakukataza kuuziba ukuta.

Mengineyo: bomba linatoa maji alfajiri tu, naamka kujaza mapipa. Mdogo wako kafaulu, atakupigia mwenyewe. Mtungi wa gesi umepanda bei tena. Misumari ya shaba ya mlangoni nimeisugua kwa ndimu yote. Ukija niletee ubani mweupe, si ule wa mwisho uliokuwa na vumbi, na dawa ya macho ya shangazi yako. Halua usilete, daktari kanikataza.

Fundi mzee wa chokaa nimeshampata. Magunia sita tumeyarowesha shimoni uani tangu juzi, na anataka yakae miezi isiyopungua mitatu kabla ya kuguswa. Kata tiketi yako kwa hesabu hiyo.

Mama yako